Uzoefu wangu na humanfriendly: kusoma "500 GB" bila kukisia

Kwa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikitumia humanfriendly, maktaba ya lugha ya programu ya Python inayogeuza ukubwa wa data ulioandikwa na binadamu kuwa idadi ya baiti, na idadi ya baiti kuwa maandishi yanayosomeka. Niliichukua baada ya programu yangu ya kutunza nakala rudufu kukosea vibaya: msimamizi wa seva aliweka kikomo cha "500 GB" kama ilivyoandikwa kwenye kasha la diski, nami katika kodi yangu nilikuwa nimezidisha kwa 1024 mara tatu, hivyo programu ikaamini kwamba ina baiti 536,870,912,000 ilhali diski ilikuwa na 500,000,000,000, na usiku mmoja diski ikajaa kabla kikomo hakijafikiwa.

Kinachonifanya niiheshimu maktaba hii ni namna inavyoukabili waziwazi utata huo wa kuhesabu kwa 1000 au kwa 1024. Funksheni ya parse_size ikipewa "1 KB" hurudisha 1000, na ikipewa "1 KiB" hurudisha 1024, kulingana na viambishi vya kibi, mebi na gibi vilivyoidhinishwa na IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme na elektroniki, mwaka 1998. Anayetaka KB ihesabiwe kwa mazoea ya zamani, yaani 1024, hulazimika kuandika binary=True. Mimi hukiandika kigezo hicho kila mara, hata thamani yake inapokuwa False, ili atakayeisoma kodi baada yangu ajue kwamba jambo hilo liliamuliwa na halikusahauliwa.

Nimependa pia kwamba haibahatishi. Mtu akiandika "1,500 MB" kwa mkato, kama tunavyoandika maelfu, hupata kosa la InvalidSize papo hapo, na hilo ni bora mara nyingi kuliko namba isiyo sahihi inayopita kimyakimya.

Upungufu upo. Haitofautishi herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo "8 Mb", ambayo kwa mtu wa mitandao ni megabiti nane, yaani baiti 1,000,000 (baiti moja ni biti nane), husomwa kuwa baiti 8,000,000. Kwa kasi za intaneti siitumii kabisa. Tena, format_size, funksheni inayogeuza baiti kuwa maandishi, hukadiria hadi desimali mbili: baiti 1,234,567 huwa "1.23 MB", na ukiyasoma tena maandishi hayo unapata 1,230,000. Kwa sababu hiyo hifadhidata yangu hutunza baiti kamili, na format_size huiita mwisho kabisa, namba inapokwenda kwenye skrini.