Duka la simu Aggrey, hiyo "rifabishi" yao ni ipi hasa?

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Jina la duka naliacha, sijaja kuharibu riziki ya mtu, ila ni hawahawa wa mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, kabati la vioo limejaa iPhone na bango kubwa limeandikwa RIFABISHI TUPU BEI POA.

Niliulizia iPhone 11 ya GB 64, nikaambiwa laki sita na ishirini, rifabishi ya Dubai, waranti miezi mitatu. Nikamuuliza dogo wa kaunta rifabishi hapa kwenu maana yake nini, akajibu "bro hiyo ni mpya, imetumika kidogo tu". Mpya iliyotumika!! Haya.

Kwa Apple wenyewe rifabishi ni simu iliyorudi kwao, ikapimwa, ikafungwa betri jipya na bodi mpya ya nje, waranti mwaka mzima. Hizi za kwetu nyingi ni used tu, imefutwa vumbi ikapigwa polishi basi. Na used sio dhambi jamani, nusu ya mji tunatembea nazo, ila iuzwe kwa bei ya used.

Kujua sio kazi. Ingia Settings, General, About, angalia Model Number inaanza na herufi gani. M maana yake iliuzwa dukani ikiwa mpya, F ndo rifabishi ya Apple, N ni ile mteja alipewa baada ya yake kuharibika. Hii ilianza na M, kwahiyo kuna mtu kaitumia akaiuza, Apple hawajaigusa tena. Kushuka chini kidogo kwenye Parts and Service History, kioo kimeandikwa Unknown Part, na True Tone (ile ya kioo kujirekebisha rangi kufuata mwanga wa ulipo) nayo haipo kabisa, nikamgeuzia dogo simu asome mwenyewe, akaenda kumwita bosi.

Bosi ndo kaokoa hizi nyota. Hakubisha wala kupandisha sauti, akasema kioo kabadilisha fundi wao, akashusha mpaka laki tano na sitini halafu kwenye risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) akaandika "used, kioo kimebadilishwa", ni wachache Aggrey watakuandikia hivyo. Afya ya betri ni asilimia 84, inanifikisha jioni nisipoingia TikTok sana. Waranti haihusu kioo wala maji, na hilo hawasemi mpaka uulize.

Ukienda kwao piga *#06# kwanza ulinganishe IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na ya kwenye boksi kabla hujatoa hela, ukitaka itume kwa meseji kwenda 15090 ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) uone inasoma simu gani. Boksi walilonipa mimi lilikuwa la iPhone XR, nikawaachia wenyewe.