Saa 24, watu wanne, timu moja: uzoefu wangu wa mbio za kupokezana za baiskeli za mlimani

Nimetoka kwenye mbio za saa 24 za baiskeli za mlimani, za kupokezana, tukiwa timu ya watu wanne: wanaume watatu na dada mmoja. Wiki mbili zimepita na vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto ndiyo kwanza vinaacha kufa ganzi, lakini nimeona niandike mapema, mambo yakiwa bado ya moto kichwani. Nilipokuwa natafuta maelezo kabla ya kujiandikisha, kila niliyemsoma alieleza njia, milima na gia. Hakuna aliyenieleza kwamba katika saa zote hizo ningekuwa juu ya baiskeli kwa saa tano tu, na muda wote uliobaki ningekuwa nasubiri. Kwa hiyo mimi mbio hizi nazipima hivi: waandaaji wanamtunzaje mtu anayesubiri zamu yake.

Kwa asiyezijua, kuna njia moja ya mzunguko. Ya kwetu ilikuwa ya kilomita 14, na ukijumlisha vilima vyake vyote unapanda kama mita 320. Mmoja wenu anaingia, anazunguka, anarudi, anampokeza mwenzake. Timu yenye mizunguko mingi ndiyo inayoshinda, na kwa kanuni za mbio zetu mzunguko ulioanza kabla ya muda kuisha ulihesabiwa. Mtindo huu ulipata umaarufu kupitia 24 Hours of Canaan, mbio zilizofanyika mara ya kwanza mwaka 1992 huko West Virginia, Marekani. Usizichanganye na mbio za hatua kama Cape Epic ya Afrika Kusini, ambako watu wawili wa timu moja wako njiani pamoja kwa siku nane na hawaruhusiwi kuachana kwa zaidi ya dakika mbili. Kule unamwona mwenzako anavyochoka. Huku unamwona akiondoka, halafu hujui lolote mpaka arudi.

Tulianza saa sita mchana kwa mtindo wa Le Mans, yaani wa kwanza wa kila timu anatimua mbio kwa miguu hadi ilipo baiskeli yake, ili watu watawanyike kabla njia haijawa nyembamba. Ilisaidia kweli. Mchana njia ilikuwa kavu, tulizunguka kwa dakika 50 hadi 55, na sina mengi ya kusema hapo. Mwenye mazoezi ya miezi michache ataufurahia mchana huo bila shida.

Sifa zangu za kwanza naziweka kwenye hema la kupokezana. Lilikuwa refu, limeezekwa vizuri, na chini wametandika mbao ili viatu vyenye vyuma vya kunasia pedali visizame kwenye tope. Ukifika mlangoni unashuka, unaisukuma baiskeli kwa miguu kama mita 60, na mwenzako anakusubiri ndani ya boksi lililochorwa chini. Hatukupokezana kijiti. Tulipewa mkanda mmoja wenye chipu, unaofungwa kwenye kifundo cha mguu, na lazima wote wawili muwe ndani ya boksi ndipo mkanda uvuliwe kwa huyu ufungwe kwa yule. Mwamuzi anatazama. Ukitoka nje ya boksi kabla ya kuufunga, anakurudisha. Nilipenda ukali huo, kwa sababu ulikuwa wa haki kwa wote na ulizuia watu kugongana pale pembamba.

Mvua ilianza saa tano usiku.

Hapo ndipo mapungufu yalipojitokeza. Skrini kubwa ya matokeo, ile inayoonyesha nani amepita kituo gani, ilizimika yapata saa saba na haikuwaka tena hadi saa tisa. Asiyewahi kushiriki anaweza kuona ni jambo dogo. Lakini skrini hiyo ndiyo inayokuruhusu kulala. Ukijua mwenzako amepita kituo cha katikati dakika tano zilizopita, unajua una nusu saa zaidi ndani ya blanketi. Usipojua, unaamka mapema, unavaa nguo zilizolowa, unakwenda kusimama hemani ukitetemeka, na joto ulilolijenga kwa saa nzima linaisha kabla hujapanda baiskeli. Mimi nilisimama dakika 40.

Kilichowaokoa waandaaji ni mzee mmoja wa waamuzi. Alikuwa na redio ya mkononi na kipande cha ubao. Mwenzake aliyekaa kilomita moja kabla ya mwisho alikuwa anamtajia namba za wanaopita, naye anaziandika kwa chaki, mvua inazifuta, anaandika tena, na kila namba anaipazia sauti hadi mwisho wa hema. "Mia moja kumi na saba!" Hiyo ilikuwa yetu. Nilikuwa nimejiinamia, na mwili mzima uliamka. Sauti ile ilinipa dakika tatu au nne za kuvua koti, kuwasha taa na kuingia kwenye boksi. Nisiposema kitu kingine chochote kizuri kuhusu mbio hizi, nitamsema yule mzee.

Dada yetu aliingia akisukuma baiskeli, moshi wa joto unamtoka mabegani, taa ya kofia imeshafifia. Nilipiga goti kumvua mkanda. Velkro yake, ile sehemu ya kunatishia, ilikuwa imejaa tope hadi haishiki, nikaifuta kwa kidole gumba, nikaifunga, ikaachia. Mwamuzi akanimulikia tochi bila neno. Nikaifuta tena kwa pindo la jezi, safari hii ikashika. Dada akaniinamia, meno yakigongana: "Kaka, pale kwenye mizizi usifunge breki kabisa. Iache iende." Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi.

Nilifuata alichosema na nikapita. Wawili niliowakuta pale walikuwa chini.

Niseme kuhusu taa, maana kwa usiku nazihesabu kuwa muhimu kuliko hata baiskeli yenyewe. Beba mbili: moja kwenye usukani, moja kwenye kofia. Ya usukani iko chini, kwa hiyo kila jiwe na kila shimo linatupa kivuli, na kivuli ndicho kinachokuonyesha kimo na kina. Ya kofia inamulika unakotazama, hasa kwenye kona kali ambako usukani bado haujageuka, ila kwa kuwa iko karibu na macho inafuta vivuli na kuifanya njia ionekane tambarare. Mwenye ya kofia pekee anadanganywa na macho yake. Yangu ya usukani ni ya lumeni 1,800 (lumeni ni kipimo cha mwanga), na nilijifunza kuipunguza nusu kwenye mpando, ambako unakwenda polepole, ili betri itoshe mteremko. Baridi nayo inapunguza chaji, kwa hiyo betri ya akiba nilikaa nayo mfukoni, karibu na mwili.

Suala la betri ndilo lililoamua na mpangilio wetu wa zamu. Timu nyingi usiku zinampa kila mtu mizunguko miwili mfululizo ili wengine walale kwa muda mrefu. Tulijadili hilo kwa wiki nzima. Kwenye tope mzunguko ulitufikia dakika 80, kwa hiyo miwili ingekuwa karibu saa tatu za baridi na taa, na taa zetu zisingefika. Tukabaki na mmoja mmoja. Gharama yake ni usingizi: unapata mapumziko ya saa nne, lakini toa kuosha baiskeli, kula, kubadilisha nguo na kujiandaa, unabaki na saa moja na nusu ya kulala. Mwakani nitanunua taa nzuri zaidi na tutajaribu miwili miwili.

Na kuosha baiskeli je? Hapa waandaaji walituangusha. Mpira wa maji ulikuwa mmoja kwa timu zote. Usiku foleni ilifika nusu saa, na hiyo ni nusu saa unayoitoa kwenye usingizi wako. Zaidi ya hapo, maji yalikuwa ya kasi mno, na watu waliochoka waliyaelekeza moja kwa moja kwenye vitovu vya magurudumu na kwenye ekseli ya pedali. Maji ya kasi yanasukuma grisi nje ya beringi, na baiskeli inayong'aa inarudi njiani ikilia kama bawaba kavu. Baada ya mara ya kwanza niliacha kupanga foleni. Nilitumia ndoo, brashi na kitambaa, nikasafisha cheni na gia tu, nikapaka oili nzito ya hali ya mvua, basi. Tope la kwenye fremu halikunizuia kwenda.

Breki zilitutesa pia. Mwenzetu wa kwanza alikuwa na pedi za resini, laini na kimya, zinazopendeza sana kwenye ukavu. Tope lenye mchanga lilizimaliza kwa mizunguko miwili, akarudi chuma kikisaga diski. Mimi nilikuwa na za chuma. Zilipiga kelele usiku kucha na zilibaki nusu hadi mwisho. Hema la mafundi lilikuwa na pedi za akiba na fundi aliyekuwa macho alfajiri, akambadilishia kwa dakika kumi bila kumsimanga kwa kutobeba zake. Huduma hiyo naipa alama zote.

Pancha nilipata moja, kwenye mzunguko huohuo wa saa tisa. Natumia tairi zisizo na tyubu, zenye dawa ya maji ndani inayoziba matundu. Jiwe lilichana ya nyuma karibu na ukingo, nikasikia mlio na nikahisi dawa ikinirukia mgongoni. Tundu dogo lingejiziba lenyewe. Hili lilikuwa la upana wa ukucha. Nilishuka, nikageuza gurudumu mpaka tundu likawa chini ili dawa ilifikie, nikachomeka kamba ya mpira kwa sindano yake, ule mlio ukapungua, ukawa wa kukatakata, ukanyamaza. Nikajaza upepo kwa kichupa cha gesi, nikakadiria kwa kubonyeza kwa gumba. Nilipoteza dakika sita. Kama ningekuwa na tyubu, na vidole vile, ningepoteza 20. Kumbuka tu kuangalia dawa yako kabla ya mbio, maana baada ya miezi michache inakauka na unabaki na utando usiosaidia.

Chakula cha waandaaji kilikuwa cha kutosha mchana na haba usiku, wakati ambao mtu anakihitaji zaidi. Tulikuwa na vyetu: viazi vya kuchemsha na chumvi, mkate, ndizi. Njiani nililenga gramu 60 za wanga kwa saa, nyingi kwenye chupa, kwa sababu kwenye tope huwezi kuachia usukani ufungue pakiti. Dada yetu alikuwa mkali kwa hilo. Ukishuka tu anakushikisha chakula kabla hujavua viatu, kwa kuwa ukilala kwanza hutaamka kula. Alikuwa sahihi kila mara.

Jua lilipochomoza mvua ikakatika. Mzunguko wangu wa mwisho ulianza saa mbili na dakika kumi asubuhi, njia ikianza kushika, na nilipofika kwenye ile mizizi niliiona kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Ilikuwa midogo. Usiku nilikuwa nimeipita kwa neno la mtu tu.

Mzunguko wa 23, wa mwisho kwa timu, ulikuwa wa dada. Skrini ilikuwa inawaka vizuri na hakuna aliyehitaji kusimama, lakini tulikuwa mlangoni mwa hema sote watatu robo saa kabla hajafika, tukiangalia kona. Kilomita 322 kwa jumla. Tulimaliza katikati ya orodha na nimeridhika nayo kabisa.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Kwa hema, waamuzi na mafundi ningetoa tano. Iliyobaki nitaitoa siku watakapoweka mabomba ya maji ya kutosha, chakula cha moto saa nane usiku, na jenereta ya akiba kwa ile skrini. Timu yetu imeshajiandikisha tena. Tumekubaliana zamu ya saa tisa usiku nibaki nayo mimi.