Kambi ya kifahari ndani ya Ruaha: kinacholipiwa hasa ni mwongozaji

Tumelala kwenye kambi ya kifahari ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mimi, mume wangu na baba yangu mzazi, wakati wa kiangazi kikali. Ni ghali. Ningeilipa tena, ila si kwa ajili ya vile vinavyojaza picha za matangazo: kitanda kipana cha mninga, beseni la kuogea la kujilaza huku unatazama mto, vinywaji vya jioni kando ya moto. Vyote vilikuwepo na vilikuwa vizuri. Thamani ya pesa yetu niliiona kwa mtu mmoja, mwongozaji wetu, na kwa mahali kambi ilipowekwa. Naeleza kwa kirefu kwa sababu Watanzania wengi ninaowajua wanaziogopa kambi hizi, na wachache wanaojitosa huchagua kwa kutazama chumba.

Bei kwanza. Ofisi inayopokea nafasi ilitutumia gharama kwa dola, zile za mgeni anayetoka nje ya nchi. Nilipowaandikia kwamba sisi ni raia ndipo ikaja bei ya wakaazi, karibu nusu ya ile ya mwanzo. Hilo halikunipendeza. Kambi iliyo ndani ya hifadhi ya taifa inapaswa kuiweka bei ya mwananchi wazi bila kungoja aiulizie. Kwa hiyo iulizie mapema, na usisahau kitambulisho chako, maana getini nako kinatakiwa. Kiingilio cha hifadhi chenyewe kwa Mtanzania ni shilingi elfu chache tu, na kinalipwa kwa kumbukumbu namba. Fedha taslimu hawapokei.

Wageni wengi huja kwa ndege ndogo zinazotua Msembe, makao makuu ya hifadhi. Sisi tulikwenda kwa gari kutoka Dar: Mikumi, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, mlima Kitonga, tukalala Iringa mjini. Kutoka Iringa hadi Msembe ni kama kilomita 130, na tulipopita sehemu kubwa ilikuwa bado vumbi na matuta. Baba aliomba tusimame Kalenga, kwenye jumba la makumbusho linalohifadhi fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Alisimama mbele yake muda mrefu bila kusema neno. Baada ya hapo ni Idodi, kisha Tungamalenga, ambako kuna nyumba za kulala wageni za bei nafuu nje ya mpaka wa hifadhi. TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa, nao wana mabanda yao Msembe. Yaani kuiona Ruaha hakuhitaji kambi ya kifahari. Ukiichagua, jua unaongeza nini.

Mapokezi yalitugusa. Vijana wa kambi walimwamkia baba shikamoo kabla ya kutupa vitambaa vya kufutia vumbi, na mmoja aliyebeba mabegi aliposikia lafudhi yake akamsalimu kwa Kihehe, kamwene. Tangu hapo baba hakuwa tena mgeni wa chumba fulani, alikuwa mzee wao. Tulipewa masharti: kambi haina uzio, wanyama wanapita watakavyo, na giza likishaingia hutoki hemani bila askari wa kukusindikiza. Usiku uleule tembo walikuja kula nyuma ya hema letu. Tuliwasikia wakivunja matawi na matumbo yao yakinguruma, karibu kiasi kwamba mume wangu alinishika mkono tukakaa vile mpaka walipoondoka.

Sasa mwongozaji. Alikuwa kijana wa vijiji vya jirani, na asubuhi ya kwanza aliuliza swali ambalo sikulitarajia: mnataka kuona vingi, au mnataka kukaa? Baba akajibu, kukaa. Akatupeleka Mwagusi, mto wa mchanga ambao kiangazi hauonyeshi tone la maji juu. Akazima gari chini ya kivuli, akatumiminia chai, tukangoja.

Walikuja tembo majike na watoto wao. Jike mkubwa alitembea mchangani akinusa, akapita sehemu tatu nne, akasimama. Alianza kuchimba kwa mguu wa mbele, taratibu, kisha akaendelea kwa mkonga mpaka shimo likawa refu na jembamba. Maji ya kwanza, yenye matope, aliyavuta na kuyamwaga pembeni. Akangoja shimo lijichuje, ndipo akanywa. Mwongozaji alitueleza kwa sauti ya chini kwamba maji yanaendelea kupita chini ya mchanga muda mrefu baada ya mto kukauka juu, na tembo wakishaondoka wengine hurithi visima vyao. Kweli, walipoondoka wakaja nyani, wakaja swala pala, na firigogo wakatua kwa makundi. Mtoto mmoja wa tembo alikuwa amejaribu kuingiza mkonga kwenye shimo la mama yake, akasukumwa kando, akarudi, akasukumwa tena, mpaka mama akamwachia nafasi. Tulikaa pale asubuhi nzima. Magari mawili yalifika, yakapiga picha, yakaondoka ndani ya dakika chache. Niliwahurumia wale abiria kwa dhati.

Kesho yake mimi na mume wangu tulikwenda kwa miguu, tukiwa na mwongozaji na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Mbele ya kila hatua mwongozaji alitikisa kimfuko cha majivu kuona upepo unaelekea wapi. Alitusomea ardhi: nyayo za chui juu ya nyayo za kanga, kinyesi cha tembo kilichojaa nyuzi za magome. Akatuonyesha mbuyu uliochimbwa shina mpaka umebaki kama kiuno cha nyigu. Kiangazi tembo huung'oa magome na kutafuna mti wa ndani kwa sababu umeshika maji. Tulimwona tandala mkubwa dume, pembe zimezunguka, akatutazama kisha akayeyuka vichakani. Ruaha ina tandala mkubwa na tandala mdogo, ina korongo na palahala pia, kwa kuwa uoto wa kusini mwa Afrika na wa mashariki vinakutana hapa. Haya yote nimeyasikia kwa Kiswahili, kutoka kwa mtu aliyekulia kandokando ya hifadhi, naye akijibu kila swali bila haraka. Hakuna shuka wala sabuni ya manukato itakayonipa hilo.

Jioni moja baba ndiye aliyeongea. Alipita upande huu ujana wake na anaukumbuka mto Ruaha Mkuu ukitiririka mwaka mzima. Mwongozaji alimsikiliza mpaka mwisho, ndipo akaeleza kwamba tangu mwaka 1993 mto umekuwa ukikatika kiangazi, kwa sababu maji mengi yanachukuliwa juu huko Usangu kwa mashamba ya mpunga, na ardhi oevu ya Ihefu ikapungua. Mwaka 2008 Usangu iliunganishwa na hifadhi, eneo lote likavuka kilomita za mraba 20,000, kubwa kuliko Serengeti. Mto haujarudi kama zamani. Viboko tuliowaona walikuwa wamebanana kwenye madimbwi ya tope. Alizungumzia na ujangili pia, nchi ilipopoteza tembo kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Alisema alikuwa bado shuleni na walikuwa wanasikia milio ya risasi. Baba alimuuliza kama sasa wanaongezeka. Akasema, mzee, watoto umewaona mwenyewe pale Mwagusi.

Chakula kilikuwa kizuri kwa ufundi, lakini siku ya kwanza chote kilikuwa cha Kizungu, sahani kubwa na chakula kidogo katikati, na baba alikula nusu. Nilimwomba mpishi atupikie kama wanavyokula wao. Uso wake ulifunguka. Usiku uliofuata ulikuja ugali, perege wa Mtera, mboga za majani na maharage yaliyoungwa vizuri, na meza ya jirani, wageni kutoka Ulaya, wakaomba kuonja. Nashangaa kwa nini chakula hicho hakipo kwenye orodha yao ya kawaida. Kiko umbali wa hatua chache, jikoni kwa wafanyakazi.

Mengine ambayo hayakunifurahisha: matembezi ya miguu yanatozwa nje ya kifurushi, na hatukuambiwa mpaka tumefika. Siku moja tulichanganywa gari moja na wageni wengine waliotaka simba tu, ikawa kukimbizana na vumbi tangu asubuhi. Simba tuliwaona, kumi na zaidi wamelala juu ya mzoga wa nyati, lakini sikuwafaidi. Intaneti inapatikana mapokezi tu, jambo ambalo mimi nililifurahia. Mbung'o ni wengi ukiingia kwenye miombo, kwa hiyo acha nguo nyeusi na za bluu nyumbani. Chukua na sweta, maana mwezi wa sita na wa saba gari la wazi alfajiri linatetemesha. Faru usimtarajie Ruaha.

Kama una mpango wa kwenda, haya ndiyo ningeyauliza kabla ya kulipa. Nani atatuongoza, na ana miaka mingapi ndani ya Ruaha hii hii? Gari ni letu peke yetu au tunachanganywa? Tunaruhusiwa kubaki nje asubuhi nzima na chakula chetu, au lazima turudi kambini saa nne? Matembezi ya miguu na mzunguko wa usiku viko ndani ya bei? Tulifanya mzunguko wa usiku mara moja, tukaona kanu, fungo na nungunungu, na baba akamwona komba akiruka kutoka tawi hadi tawi, akacheka kwa sauti kabisa. Kambi itakayojibu maswali hayo kwa ukamilifu mpe pesa yako, hata kama picha za vyumba vyake ni za kawaida. Kuanzia Juni hadi Oktoba wanyama wanajikusanya kwenye maji na ni rahisi kuwaona. Mvua zikianza nchi inakuwa kijani na ndege ni wengi mno, bei nazo hushuka. Baadhi ya kambi hufungwa masika kwa sababu barabara hazipitiki, kwa hiyo wa Aprili piga simu kwanza.