Uzoefu wangu wa kubadilisha GPA ya Tanzania kuwa alama ya Ujerumani

Mhitimu wa Tanzania anayeomba shahada ya uzamili Ujerumani hukutana mapema na swali la kama GPA yake (wastani wa pointi za masomo yote) inafikia kiwango cha udahili, kwa sababu kiwango hicho huandikwa kwa alama za Kijerumani, ambazo 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, na programu nyingi hutaka 2.5 au bora zaidi. Mimi nilihitimu nikiwa na GPA ya 3.8 kati ya 5, yaani daraja la pili la juu. Kabla ya kulipia maombi nilitumia vikokotoo viwili vya bure vya mtandaoni, kisha nikapata tathmini rasmi kutoka uni-assist, taasisi inayokagua vyeti vya waombaji wa kigeni kwa niaba ya vyuo vya Ujerumani.

Kikokotoo cha kwanza kilinitaka nichague nchi na kuandika GPA tu, kikanipa 1.9 bila kuonyesha kilivyoipata. Nilipoipiga hesabu kinyumenyume, nilibaini kuwa kimechukua pointi 1 kuwa alama ya chini ya kufaulu. Mtu yeyote aliyesoma chuo kikuu kwetu anajua kuwa pointi 1 ni D, na D humpeleka mwanafunzi kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio. Kufaulu huanzia C, yaani pointi 2, na shahada nayo hutolewa kuanzia GPA ya 2.0. Kosa hilo moja linaweza kumfanya mwombaji alipe ada za vyuo ambavyo kwa kweli hana sifa za kuviomba. Sikipendekezi kikokotoo cha aina hiyo kwa mtu yeyote.

Cha pili kilikuwa bora mno, kwa kuwa kiliomba namba tatu, yaani alama yangu, alama ya juu ya mfumo na alama ya chini ya kufaulu, na kuonyesha hesabu nzima. Kinafuata kanuni ya Bavaria iliyorekebishwa, inayotumika Ujerumani kubadilisha alama za nje, ambayo unaweza kuikokotoa mwenyewe kwa kalamu: toa alama yako kutoka katika alama ya juu ya mfumo, gawanya jibu kwa tofauti iliyopo kati ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, kisha jumlisha 1. Kwa upande wangu, 5 kutoa 3.8 ni 1.2, ukigawanya kwa 3 unapata 0.4, ukizidisha kwa 3 na kujumlisha 1, jibu ni 2.2.

Hata hivyo, kikokotoo hiki nacho hutegemea unachokilisha. Nilijaribu kuweka wastani wangu wa asilimia, ambao ni 64, kwa alama ya juu 100 na ya kufaulu 40, nikapata 2.8. Mwanafunzi ni yuleyule na transkripti ni ileile, lakini safari hii ameachwa nje ya mlango wa 2.5. Sababu ni kwamba katika mfumo niliosomea A huanzia 70, hivyo aliyepata 72 na aliyepata 95 wote hupewa pointi 5, na ni nadra mno kuona alama zikipanda hadi 90. Kanuni inayodhani kuwa 100 ni alama inayofikiwa kwa kawaida inamnyima mhitimu wetu haki yake, na jambo hili linaniuma kwa sababu wapo watakaokata tamaa kwa tarakimu isiyowastahili. Tumia GPA ya mwisho iliyoandikwa kwenye transkripti, kwa kuwa ndiyo inayoamua daraja la shahada yako.

Tathmini ya uni-assist, inayojulikana kwa kifupi kama VPD, ilinipa 2.2 ileile. Ada yake ni euro 75 kwa chuo cha kwanza na euro 30 kwa kila chuo kinachoongezwa katika muhula huohuo, gharama ambayo si ndogo kwa mhitimu asiye na ajira. Nyaraka za Kiingereza hupokelewa bila tafsiri, na hilo lilinipunguzia gharama. Ninashauri kila mwombaji ahakikishe transkripti yake ina ukurasa unaoeleza madaraja na pointi zake, na kama haina, aombe barua ya maelezo hayo kwa msajili wa chuo chake.

Si kila chuo kinachohitaji VPD. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Munich huitaka kwa shahada za nje kama za Tanzania, ilhali vyuo vingine hukokotoa alama vyenyewe. Kwa hiyo soma masharti ya programu yako kabla ya kulipa chochote. Tathmini huchukua wiki kadhaa, na kwa kuwa programu nyingi za muhula wa baridi hufunga maombi Julai 15 au kabla ya hapo, ni vyema nyaraka ziwe zimetumwa kufikia Aprili.