Anstruther, Uskoti: uzoefu wangu wa likizo ya watoto wadogo katika bandari ya wavuvi

Picha za vijiji vya Uskoti zinazosambazwa sana hupigwa kutoka mbali: nyumba nyeupe zimejipanga kando ya ziwa, milima imesimama nyuma yake, na hakuna mtu hata mmoja anayeonekana. Mtu mzima hutosheka na mandhari ya namna hiyo, lakini mtoto wa miaka miwili au minne hana haja na mlima ulio mbali. Yeye anataka kitu cha kushika, cha kuchota, cha kurusha majini na cha kuulizia maswali. Kwa hiyo mimi na mume wangu, tunaoishi Leicester, tulipoamua kuwapeleka watoto wetu wawili Uskoti pamoja na bibi yao aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, tulitafuta mahali ambapo uzuri wake unafikiwa na miguu mifupi. Tulichagua Anstruther, kwenye pwani ya Fife, mashariki mwa Uskoti, na nimeridhika kiasi cha kuwashauri wazazi wenzangu wapafikirie kabla ya vijiji vinavyosifiwa zaidi.

Hivyo vinavyosifiwa tulivipima kwanza. Luss, kando ya ziwa Loch Lomond, ni kijiji kizuri na hakiko mbali na Glasgow, lakini ni kidogo, na siku ya jua wageni wa kutwa hukijaza hata kuegesha gari kukawa taabu. Plockton, huko magharibi, kilinivutia sana kwa sababu mbele ya nyumba zake imepandwa miti yenye sura ya mitende, ambayo huvumilia baridi kwa kuwa mkondo wa bahari ya Atlantiki huipunguzia pwani ile makali ya majira ya baridi. Hata hivyo ni safari ya takriban saa tano kwa gari kutoka Edinburgh, na kwa mtoto anayetapika kwenye kona za barabara hilo lilitosha kukiondoa. Tena kuna usubi. Katika nyanda za juu na pwani ya magharibi, wadudu hawa wadogo mno hutoka kwa makundi wakati wa kiangazi, hasa alfajiri na jioni pasipo na upepo, na kuumwa nao huwasha vibaya. Pwani ya mashariki ina upepo mwingi na mvua pungufu, kwa hiyo usubi si jambo la kumharibia mtu likizo.

Tulisafiri kwa treni hadi Edinburgh, na kutoka hapo tukapanda treni ya kwenda Leven, mji wa Fife, badala ya kukodi gari. Njia hiyo ya reli iliacha kubeba abiria mwaka 1969 na ikafunguliwa tena Juni 2024, na kwa familia isiyo na gari imerahisisha mambo kwa kiasi kikubwa. Treni hupita juu ya Forth Bridge, daraja jekundu la chuma lililofunguliwa mwaka 1890 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2015, na mtoto wetu mkubwa alibaki amebandika paji la uso kwenye kioo mpaka mwisho wa daraja. Kutoka Leven, basi namba 95 hupita Elie, St Monans, Pittenweem, Anstruther na Crail kuelekea St Andrews, na ndilo tulilolitumia kila tulipotaka kutembelea kijiji cha jirani. Anayesafiri na mizigo mingi atastarehe zaidi na gari, na akumbuke kwamba sheria ya Uingereza inataka mtoto akae kwenye kiti maalumu mpaka afikishe miaka 12 au kimo cha sentimita 135.

Anstruther kwa makaratasi ni mji mdogo, lakini maisha yake yameizunguka bandari moja, na duka la vyakula, vyoo vya umma, makumbusho na viti vya kupumzikia vyote viko hatua chache kutoka majini. Nyumba za kale zina mapaa ya vigae vyekundu na kuta za pembeni zinazopanda kwa vidato mpaka kileleni. Kwenye gati yamepangwa madema ya kunasia kaa na kamba, na bibi yao, ambaye amekulia kwenye nyumba ya wavuvi, alipoyaona alisimama akaanza kuwaeleza wajukuu jinsi samaki anavyoingia na kwa nini hawezi kutoka. Maji yanapokupwa sehemu kubwa ya bandari hubaki tope, na mashua zisizo kwenye kina hukaa chini zikingoja maji yarudi. Watoto waliuliza kila siku bahari imekwenda wapi, na kila siku waliletwa tena kuiona ikirudi. Hakuna kiingilio, na hakuna foleni.

Sehemu tuliyoipenda kuliko zote ni Billow Ness, ufuo mdogo ulio upande wa magharibi wa mji, ambao wakati wa maji kupwa hufunua miamba yenye vidimbwi. Tulikuwa tunapanga siku kwa kufuata jedwali la maji, na mwezi ulipokaribia kuwa mpevu bibi alitutahadharisha kwamba bamvua inakuja, yaani maji yatatoka mbali na kurudi kwa nguvu, kwa hiyo tuwahi kwenda na tuwahi kuondoka. Ndani ya kidimbwi kimoja kisichozidi ukubwa wa beseni tulikuta kaa wadogo wa kijani, konokono wa bahari, mwani wa aina tatu au nne, na anemoni nyekundu, mnyama wa baharini mwenye sura ya ua, iliyokuwa imechanua vidole vyake chini ya maji. Mwanangu aliigusa, nayo ikajifunga papo hapo ikabaki donge.

"Bibi, amekasirika?"

"Hajakasirika, mjukuu wangu, amejificha. Tulia, usimguse tena, utaona atafunguka mwenyewe."

Wakachuchumaa wote wawili, mtoto na bibi yake, wakingoja, na mtoto ambaye nyumbani hawezi kukaa mezani mpaka sahani yake iishe alingoja bila kusema neno, hadi kidole cha kwanza kilipochomoza, kisha cha pili. Sijui bustani ya michezo ya kulipia ambayo ingempa kitu kama hicho. Miamba hiyo ina utelezi kwa sababu ya mwani, kwa hiyo viatu vya mpira vyenye soli ya kushika ni lazima, na mtoto asiachwe peke yake hata kidogo. Kuogelea ni suala jingine. Maji ya pwani hii kwa kawaida hayafikii nyuzi 15 hata wakati wa kiangazi, na watoto wetu, bila ya suti za mpira za kuogelea, waliishia magotini.

Siku ya pili ya likizo ulishuka ukungu mzito kutoka baharini, ambao wenyeji huuita haar, na ukafunika bandari mpaka mchana. Ukungu huu hutokea katika miezi ya joto, hewa vuguvugu inapopita juu ya bahari ya baridi, na mgeni anaweza kutetemeka huku kilomita chache ndani ya nchi kavu watu wanaota jua. Tulikimbilia makumbusho ya uvuvi, Scottish Fisheries Museum, yaliyo mkabala na bandari na yaliyofunguliwa mwaka 1969. Nilitarajia picha na maandishi ambayo watoto wangechoka nayo mara moja. Badala yake tulikuta mashua halisi ndani ya majengo, mojawapo ikiwa Research, jahazi kubwa la kuvulia samaki aina ya heringi lililoundwa mwaka 1903. Ni la aina iitwayo Zulu, kwa sababu majahazi ya kwanza ya umbo hilo yalianza kuundwa Uskoti mwaka 1879, mwaka wa vita kati ya Waingereza na Wazulu. Bibi yao alilizunguka lote akipapasa mbao zake, akataka kujua lilibeba tanga la ukubwa gani, na mhudumu wa pale alimjibu kwa heshima na kwa kirefu huku mimi nikitafsiri. Watoto walivutiwa zaidi na vyumba vilivyopangwa kama nyumba ya mvuvi wa zamani. Hifadhi ya namna hii kwenye mji mdogo ni hazina kwa mzazi siku ambayo hali ya hewa imegoma.

Safari ya kisiwa cha Isle of May inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa wazazi wengi huniuliza kama inawafaa watoto wadogo. Kisiwa kipo yapata kilomita 8 kutoka pwani na ni hifadhi ya taifa ya viumbe. Mwaka 1636 palijengwa hapo mnara wa kwanza wa taa wa kudumu katika Uskoti yote, uliokuwa ukiwashwa kwa makaa ya mawe. Boti iitwayo May Princess hutoka Anstruther kuanzia majira ya kuchipua hadi mwanzoni mwa vuli, na saa yake hubadilika siku hadi siku kwa kufuata maji ya bandari, kwa hiyo mtu asikate tiketi kabla ya kulinganisha ratiba na usingizi wa mchana wa mtoto. Sisi tulikwenda mwishoni mwa Juni, wakati ndege wa baharini waitwao pafini wapo kwa maelfu, wakitua na visamaki vimening'inia mdomoni na kutumbukia kwenye mashimo yao ardhini. Wale wanaofika katikati ya Agosti hawatawaona, maana huwa wamesharudi baharini. Karibu na gati ya kisiwa wanataga membe wa Aktiki, ambao humshambulia kichwani kila apitaye, na walinzi wa hifadhi huwaelekeza wageni wavae kofia au wainue mkono juu. Mtoto mdogo alilia kwa hofu. Bibi alimfunga kwa mbeleko mgongoni, akamfunika kanga kichwani, tukapita. Kigari cha mtoto hakina kazi kwenye njia zile za majani na mawe, na hakuna duka kisiwani, kwa hiyo chakula, maji na nguo za kubadilisha vibebwe. Kwa mtoto wa miaka minne ni safari nzuri mno. Kwa wa miwili, kama bahari imechafuka, ningesubiri.

Kuhusu chakula, samaki wa kukaanga na chipsi ndio sifa ya mji huu, na samaki anayependwa ni hadoki. Familia za Kiislamu ziulize kwanza, kwa kuwa maduka mengi ya pwani hii hukaangia mafuta ya ng'ombe, na muuzaji huwa hakasiriki kuulizwa. Sisi tulinunua nyama halali Edinburgh tukaibeba kwenye sanduku la barafu, na siku nyingine tukanunua hadoki mbichi, bibi akampika kwa nazi ya kopo na ndimu. Wanaokula nje wajihadhari na shakwe: mmoja alishuka kutoka nyuma akanyakua chipsi mkononi mwa mwanangu kabla kidole hakijafika mdomoni. Kaeni migongo ikiwa imeegemea ukuta.

Nyumba tuliyokodi ndiyo sehemu pekee iliyonikera. Tangazo lilisema inafaa familia, lakini ngazi zake zilikuwa zimesimama wima na hapakuwa na kizuizi juu wala chini, ikabidi mume wangu aweke viti njiani kila usiku. Nyumba za wavuvi za pwani hii nyingi zimejengwa hivyo, nyembamba na ndefu kwenda juu, kwa hiyo kabla ya kulipa omba picha ya ngazi, uliza kuhusu kizuizi, na uliza kama madirisha ya vyumba vya kulala yana mapazia mazito. Hili la mapazia si dogo: mwishoni mwa Juni jua linazama karibu saa nne usiku na mwanga umeshajaa saa kumi na nusu alfajiri, na mtoto haelewi kwa nini anaambiwa alale mchana kweupe. Angalia pia namba ya leseni kwenye tangazo. Uskoti sasa inazitaka nyumba za kukodishwa kwa muda mfupi ziwe na leseni, nayo inaonyesha idadi ya juu ya watu wanaoruhusiwa kulala na inamlazimu mwenye nyumba kutimiza masharti ya usalama kama ving'amuzi vya moshi.

Kati ya vijiji vya jirani, Crail ndicho kizuri zaidi machoni, na bandari yake ya mawe inastahili kila picha inayopigwa, ila barabara ya kushukia ni ya mteremko mkali na ya mawe, na kusukuma kigari kurudi juu kulimtoa mume wangu jasho. Pittenweem ina wavuvi wanaofanya kazi hasa. Elie ina ufuo mpana wa mchanga laini, wenye kina kinachoongezeka taratibu, na familia ambayo watoto wake wanataka mchanga tu tangu asubuhi hadi jioni ingefaa ikae huko moja kwa moja, ijapokuwa nyumba tulizoziona zilikuwa za bei ya juu zaidi. Wenye watoto wa shule walioko England wazingatie kwamba shule za Uskoti hufunguliwa katikati ya Agosti, hivyo wiki za mwisho za mwezi huo ufuo hupungua watu. Sisi, ambao wa kwetu bado hawajaanza darasa la kwanza, tumeshaulizia nyumba ya Juni ijayo, safari hii yenye ngazi fupi.