Mashine ya barafu ya chenga ya "tani moja": ukiwa mwaloni, hesabu kilo 800

Tunazungumzia mashine za barafu ya chenga, yaani ya vigamba vyembamba, za ngoma wima zenye kibandiko cha tani moja kwa saa 24, zinazopozwa kwa feni na kutumia umeme wa fezi tatu. Kwa mnunuzi wa sangara wa Katosi au Masese, mialo ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, ni mashine nzuri. Ila kibandiko kiliandikwa kwa ajili ya maji na hewa ya kwingine.

Tuanze na ngoma, maana ndiyo iliyobuniwa vizuri kuliko sehemu zote. Ni silinda yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 40 na kimo cha sentimita 30. Gesi inachemka ndani ya ukuta wake kwenye nyuzi -20 hadi -25, maji yanateremka upande wa ndani kama utando, na kisu kinazunguka mara moja kwa dakika kikibandua ganda la milimita 2. Ukifanya hesabu, kila mzunguko unatoa gramu 690 hivi, na kwa dakika 1,440 za siku unakaribia tani. Hapo muuzaji hajakudanganya.

Tatizo linaanzia kwenye bomba la maji. Watengenezaji wengi hupima kwa maji ya nyuzi 15 au 16, na maji ya Ziwa Viktoria yako karibu na 25. Kilo moja ya maji ya nyuzi 15 inadai kilojuli 407 hivi hadi iwe barafu ya nyuzi -5; ya nyuzi 25 inadai 449. Hapo karibu asilimia 10 imeshapotea. Kisha kondensa, sehemu yenye feni inayotoa joto la gesi nje: ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10. Feni inasukuma upepo uleule, lakini unabeba joto pungufu. Ukiongeza jua la saa nane mchana juu ya bati, kilo 800 kwa siku ndiyo hesabu ya kuipelekea benki. Omba kondensa ya saizi moja zaidi kabla ya kulipa. Kuibadilisha baadaye ni kazi ya kukata mabomba na kujaza gesi upya.

Na tafadhali, usitundike taa karibu na kondensa hiyo. Wale wadudu wa ziwa wanaotoka kwa mawingu hufuata mwanga usiku, na asubuhi mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kupitisha upepo, yamezibwa kama yamepakwa uji. Presha inapanda, swichi ya usalama inakata, na mwenye mashine anaambiwa gesi imeisha.

Kisu ndicho kinachotofautisha mashine nzuri na mbovu. Hakitakiwi kuigusa ngoma. Nafasi inayofaa ni milimita 0.2 hivi: karatasi mbili za daftari zinapita, ya tatu inakwama. Pima sehemu nne za mzunguko, juu na chini. Ikiwa upande mmoja unapitisha karatasi nne na mwingine hata moja haipiti, shafti imepinda au beringi imelegea, na kukaza boliti za kisu hakutasaidia. Oili sili ya chini, ule mpira unaozuia grisi isivuje, nayo ikaguliwe, kwa sababu grisi ikishuka inaangukia kwenye barafu ya samaki.

Umeme ukikatika, ganda linabaki kwenye ngoma na kisu kimekwama ndani yake. Ukirudi na mota ikawaka papo hapo, giabox inayozungusha kisu ndiyo inayovunjika. Mpangilio sahihi ni huu: mashine isubiri dakika 20 hadi 30 barafu iachie, kisu na pampu vianze, kompresa ifuate. Ukizima, kompresa itangulie, kisu kiendelee kuzunguka dakika chache. Mota ya kisu ikisimama kwa sababu yoyote, kompresa nayo isimame hapohapo. Muulize fundi akuonyeshe waya wa kazi hiyo kwenye kisanduku cha umeme, asipouona, haupo. Dai pia rilei (swichi inayojikata yenyewe) ya kulinda mpangilio wa fezi, kwa sababu laini ikitengenezwa na fezi mbili zikabadilishana, kisu kinageuka kinyume.

Maji ya mvua, ambayo watu huyasifu kwa usafi, yanasumbua: barafu yake inang'ang'ania ngoma. Chumvi kidogo, gramu 200 hadi 500 kwa tani ya maji, inaifanya iachie vizuri. Ikizidi, vigamba vinakuwa laini na vyenye majimaji. Maji ya ziwani yachujwe na kutiwa dawa kwanza, la sivyo mwani unaziba matundu ya kugawa maji na ngoma inabaki na mistari mikavu.

Kwa umeme, mashine za namna hii hula uniti 70 hadi 85 kwa tani katika nchi za joto. Mtambo wa barafu ya mabonge hula 55 hadi 70. Nafasi pia: tani ya chenga inataka mita za ujazo 2.2, mabonge 1.4. Unacholipia ni kwamba chenga ni kavu, haihitaji kupondwa kwa nyundo, na inamfunika samaki pande zote bila kumchubua. Kwa samaki anayetoka mwaloni kwenda kiwandani siku hiyohiyo, tunachagua chenga bila kusita. Kwa mtumbwi unaolala siku tatu upande wa visiwa vya Kalangala, chukua mabonge. Chenga ina uso mwingi wa kushika joto, na sanduku bovu litaimaliza kabla nyavu hazijavutwa mara ya pili.

Katika bei ya mashine, waambie waweke kisu kimoja cha akiba, beringi na oili sili zake. Wakisema hazihitajiki, angalia mashine nyingine.