Siku nne na baiskeli ya kukodi Osaka: vivuko vya bure, joto la Julai na mashua za Tenjin

Baiskeli niliyopewa ilikuwa ya kijivu, kikapu mbele, gia tatu, na kufuli lililokazwa moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma. Wajapani huiita mamachari, baiskeli ya kina mama, na Osaka nzima imeipanda: mama na wanawe wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, karani na tai yake, bibi kizee ambaye mwavuli wake umebanwa kwenye usukani kwa chuma maalumu kiitwacho sasube. Nililipa yen 1,000 kwa siku, nikaikodi kuanzia tarehe 23 hadi 26 Julai. Katika safari ile yote hakuna pesa niliyoitoa iliyonipa faida kuliko hiyo.

Aliyenishauri ni kijana wa Tanga anayesoma huko. Mimi nilishapanga kununua tikiti ya treni ya kutwa. Akaniambia, "Kaka, treni itakufikisha kila mahali na hutaona kitu. Mji huu ni tambarare kama Tanga. Chukua baiskeli." Alisema kweli. Osaka imekaa kwenye mchanga ulioletwa na mito, na mwinuko wa maana ni ule wa Uemachi tu, ambako ngome ya Osaka imejengwa. Halafu magari huenda kushoto kama kwetu, kwa hiyo mtu wa Mombasa au Dar hahitaji kujifunza upya upande wa kutazama anapovuka.

Duka lilikuwa dogo, la mama mmoja na mwanawe. Waliniinulia kiti mpaka mwisho, na bado magoti yangu yalikuja juu kidogo. Mwenye miguu mirefu aulize mapema kama wana fremu kubwa. Breki zilishika vizuri, taa ya mbele iliwaka yenyewe giza lilipoingia. Kofia ngumu niliomba, nikapewa bila malipo. Tangu Aprili 2023 sheria ya Japani inamhimiza kila mwendesha baiskeli aivae, ingawa wenyeji wengi niliowaona walikuwa vichwa wazi. Pia walinipa karatasi ya ukodishaji na kuniambia nisiiache, kwani kila baiskeli huko ina stika ya usajili na polisi anaweza kukusimamisha kuulizia mwenyewe ni nani.

Jambo ambalo hawakuniambia, na ambalo lilinisumbua, ni maegesho. Siku ya pili niliiacha baiskeli karibu na kituo cha treni, kwenye mstari wa baiskeli nyingine kama ishirini, nikidhani pale ndipo pake. Niliporudi nikakuta karatasi imefungwa kwenye usukani. Mzee mmoja aliyevaa sare alinieleza kwa ishara kwamba ningechelewa kidogo ningekuta gari limeibeba, na kuikomboa ni malipo na safari ya kwenda kwenye ghala lao. Baada ya hapo nilitumia maegesho ya kulipia, yen 150, na sikupata tabu tena. Duka linalokodisha wageni lingepaswa kulisema hili kabla ya kukabidhi ufunguo. Jambo la pili: wanafunga saa moja jioni, na hawakutaja kwamba jioni ya tarehe 25 barabara nyingi za karibu na mto hufungwa kwa sababu ya sherehe ya Tenjin, ile ya hekalu na mashua nitakayoieleza mbele.

Sasa vivuko. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa mimi ni mtu wa Likoni. Nimekua nikivuka na feri kwenda shule, nimesukumana kwenye lango la feri, najua harufu ya dizeli na maji ya chumvi alfajiri. Basi nilipoambiwa kwamba Osaka, mji wa reli na madaraja, bado una vivuko vinane vinavyoendeshwa na manispaa, na kwamba mtu wa miguu na mwenye baiskeli hawalipi hata yen moja, nililiacha kila jambo jingine la siku ile.

Viko magharibi, mahali ambapo mito inakutana na bandari, kwenye mitaa ya viwanda na maghala ambayo watalii hawafiki. Hakuna kibanda cha tikiti. Unashuka kwenye baiskeli, unaisukuma juu ya daraja la chuma linalopanda na kushuka na maji, unasimama nayo ndani ya chombo kidogo kisicho na viti. Kivuko cha Jinbei, kati ya wilaya za Taisho na Minato, hakina hata mita mia moja. Dakika moja, mbili, umefika ng'ambo. Nilivuka na wasichana wa shule waliovaa sare, fundi mwenye kisanduku cha vyuma, na bibi aliyejaza vitunguu vya majani kwenye kikapu. Mfanyakazi wa kivuko alimwinamia kila mmoja wetu tulipoteremka.

Sababu ya ubure huo ni ya zamani: tangu sheria ya barabara ya mwaka 1920, kivuko kimehesabiwa kuwa sehemu ya barabara, na barabara haitozwi nauli. Na sababu ya vivuko kubaki ni meli. Madaraja ya upande ule yamenyanyuliwa juu sana ili meli zipite chini yake. Daraja la Sembonmatsu, lililofunguliwa mwaka 1973, linapanda kwa kujizungusha kama ngazi ya mnara kila upande, hata wenyeji wakaliita daraja la miwani. Nani atamwambia yule bibi mwenye vitunguu akanyage pedali mpaka kule juu? Kwa hiyo chini ya daraja lile lile kivuko kinaendelea kwenda na kurudi. Nilisimama pale nikitazama malori yakizunguka juu ya kichwa changu na ile mashua ndogo ikikata maji chini, nikaona mji uliokubali kwamba mwenye miguu naye ana haki ya kuvuka. Likoni nayo mtu wa miguu havukishwi kwa pesa, na kwa hilo nilijisikia nyumbani kuliko mahali pengine popote pale Japani.

Kutoka Minato nilikwenda hadi Tempozan, penye gurudumu kubwa la kupanda watu lenye kimo cha mita 112.5, na Kaiyukan, jumba la samaki lenye papa potwe, ndugu wa wale wanaoogelea Mafia. Pale kuna kivuko kirefu kuliko vyote nilivyopanda, kama mita 400, kinachoelekea Sakurajima. Kinapita kila baada ya nusu saa, basi angalia ratiba kabla ya kuteremka. Nikarudi kwa njia ambayo sikujua ipo: handaki la Ajigawa, lililofunguliwa mwaka 1944 chini ya mto. Unaingia kwenye lifti pamoja na baiskeli yako, unashuka, unaisukuma mita 80 hivi katika ubaridi mtamu, unapanda lifti nyingine. Hilo nalo ni bure.

Nimesema ubaridi mtamu kwa sababu ya joto. Mtu wa pwani anaweza kudhani joto si habari kwake. Nami nilidhani hivyo. Lakini sisi tuna kusi, tuna upepo wa jioni. Osaka mwezi wa Julai hewa imesimama, saruji inarudisha usiku joto ililolinywa mchana, na nyuzi 35 au zaidi ni jambo la kawaida. Nyenje wanapiga kelele kwenye miti tangu alfajiri kiasi kwamba mnaozungumza mnapandisha sauti. Nilijifunza kuendesha kuanzia saa kumi na moja na nusu asubuhi hadi saa nne, kupumzika mahali penye kiyoyozi, kisha kutoka tena saa kumi jioni. Mashine za vinywaji ziko kila kona; mugicha, yaani chai ya shayiri isiyo na sukari, ndiyo iliyonisaidia kuliko soda yoyote. Barafu ya kukwangua iliyomwagiwa sharubati ni ya kula ukiwa umekaa kivulini, sio ukiwa na baiskeli mkononi.

Tarehe 24 asubuhi nilifika daraja la Hokonagashi kabla ya saa tatu. Sherehe ya Tenjin huanzia pale. Historia yake inarudi mwaka 951, miaka miwili baada ya hekalu la Osaka Tenmangu kuanzishwa: mkuki mtakatifu uliachwa uelee mtoni, na pale ulipotua ndipo palipoandaliwa kituo cha mungu wao, naye akafuatwa kwa mashua. Anayeheshimiwa ni Sugawara no Michizane, msomi na mshairi aliyezaliwa mwaka 845, akasingiziwa, akapelekwa uhamishoni Dazaifu na kufia huko mwaka 903. Leo wanafunzi humwendea wakati wa mitihani. Mimi ni Mwislamu na nilisimama kama mgeni anayetazama, na hakuna aliyeniuliza zaidi. Mtoto wa kiume aliyevikwa mavazi meupe aliingia mashuani, mkuki wa mbao ukawekwa majini, filimbi zikalia. Kwa kuwa nilikuwa na baiskeli, dakika chache baadaye nilikuwa Nakanoshima, kisiwa chembamba katikati ya mji, nikinywa mugicha mbele ya jumba la matofali mekundu la mwaka 1918.

Ngome ya Osaka niliipita siku hiyo hiyo. Mnara unaoonekana leo ni wa zege, wa mwaka 1931. Kuta za mawe na mahandaki ya maji ndivyo vinavyostahili muda wako.

Tarehe 25 ndiyo siku yenyewe, na ushauri wangu ni huu: baiskeli iache mbali. Watu zaidi ya milioni moja huja kwa siku hizo mbili, na jioni polisi hawamruhusu mtu kusimama darajani, sembuse mwenye baiskeli. Mimi niliegesha kusini ya mto, nikatembea. Kama saa tisa na nusu msafara wa watu wapatao 3,000 ulitoka hekaluni. Mbele kabisa walikuwa wapiga ngoma wenye kofia ndefu nyekundu, wameketi kuizunguka ngoma moja kubwa iliyobebwa juu ya fremu ya mbao. Ghafla wakaingiza gogo chini ya fremu ile na kuanza kuipindua huku na huku kama pembea, upande mmoja wapigaji wakikaribia kugusa ardhi na wa upande wa pili wakining'inia hewani, na mapigo hayakukatika hata mara moja. Nimekulia kwenye ngoma, na mikono yangu ilisisimka.

Jioni mashua kama mia moja zikaingia mto Okawa. Kila mashua mbili zinapopishana, watu wake hupigiana makofi kwa mpangilio mmoja, na sisi wa ukingoni tukajibu: mawili, mawili, kisha matatu ya haraka. Jirani yangu, mzee wa makamo aliyevaa yukata, vazi jepesi la kiangazi, la bluu, alinifundisha kwa kunishika viganja. Mara ikaja mashua iliyomchukua mungu wao, na pale makofi yote yakakoma. Umati mkubwa kiasi kile, kimya, ikasikika miali ya moto tu na maji. Ilipopita, kelele zikarudi, na fataki zikapasuka juu ya mto kuanzia saa moja na nusu.

Njaa ikinishika nilikula takoyaki, vidonge vya unga vyenye kipande cha pweza ndani, chakula kilichozaliwa Osaka hii hii. Sisi tuliozoea supu ya pweza tutaona kipande ni kidogo, ila utamu upo. Niliomba zisipakwe sosi kwa kuwa sikuweza kusoma kilichomo. Kwa anayetaka kuswali jamaa, msikiti wa Osaka uko Nishiyodogawa, ng'ambo ya mto Yodo. Kwa baiskeli ni kama nusu saa kutoka Umeda, mtaa wa kituo kikuu cha treni.

Kuhusu sheria, msizichukulie kirahisi. Tangu Novemba 2024 kushika simu ukiendesha baiskeli kunaweza kukupeleka jela miezi sita au kukutoza hadi yen 100,000, na mlevi juu ya baiskeli anaadhibiwa vikali zaidi. Mwavuli mkononi ni kosa. Kwenye mtaa wa maduka wa Tenjinbashisuji, ambao paa lake linafunika njia yenye urefu wa kilomita 2.6, shuka uisukume.

Siku ya mwisho nilikwenda kusini, nikavuka mto Yamato hadi Sakai. Mafundi wa mji ule walikuwa wa visu na bunduki, baadaye wakawa wa vipuri vya baiskeli, na kampuni ya Shimano ilianzia hapo mwaka 1921. Jina hilo lilikuwa limeandikwa kwenye gia zangu tatu. Nililizunguka kaburi la kale la Daisen, lenye urefu wa mita 486, ambalo ukiwa chini unaliona kama msitu uliozungukwa na maji. Ningekaa hadi tarehe 1 Agosti ningewaona watu wa hekalu la Sumiyoshi wakiuvuka ule mto kwa miguu, na kijihekalu chao mabegani. Hilo nimelikosa na linaniuma.

Nilirudisha baiskeli saa kumi na mbili na nusu jioni, jasho likinitiririka. Mama mwenye duka aliminya tairi, akaupapasa mnyororo, akaingia ndani, akatoka na bilauri ya mugicha yenye vipande vya barafu.